Sampuli Ambayo Sikuifungua

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa maabara ya kiwanda cha chuma.

Nimemponza mjomba. Mjomba aliyenitafutia kazi hii!

Asubuhi sikupima madini ya tanuri. Uvivu tu! Nikanakili kipimo cha jana cha titani, ile metali inayochanganyika na madini. Cha JANA! Kumbe usiku uliingia mzigo mpya, titani tele.

Mavi ya chuma, ule uchafu unaoyeyuka tanurini, yakaanza kuwa mazito. Mjomba, ndiye mwendesha tanuri, akaangalia karatasi yangu ya vipimo, akaona titani kidogo, akaongeza moto kama siku zote. Sasa titani ikizidi, moto ndio unaoyafanya yagande zaidi! Tundu la kutolea chuma likaziba. Tanuri zima limesimama.

Meneja akamfokea mbele ya watu: "Miaka thelathini hujui moto?"

Mjomba akasema, "Nimefuata karatasi ya mwanangu, na huyu hakosei."

Hakosei!

Meneja akanigeukia. "Ulipima?"

Nikasema ndiyo. Shoga, nimesema NDIYO. Mjomba akasimamishwa kazi palepale.

Sampuli ya leo ninayo mkononi, mfuko haujafunguliwa.

Ngoja, mlango unagongwa.

Ni mjomba. Ananiuliza kama nimekula.