Sura ya Nne na Foleni ya Maji

Jumamosi, mwezi wa tisa. Jua la Matiliku leo halina huruma, na mimi sina raha.

Kwa asiyenijua, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu wasichana na wavulana katika riwaya za fantasia za watoto: nani hupewa upanga, na nani hupewa dawa ya kumuuguza mwenye upanga. Chuo kiko Kitui, upande wa Kwa Vonza, lakini utafiti nimeufanyia hapa nyumbani. Kila Jumamosi saa nane husoma na watoto wa gredi ya sita shuleni kwao. Kitabu chetu kina ngome, mazimwi na binti wa mfalme anayeruka angani. Mama hukiita kitabu cha majini, ila hajawahi kunizuia.

Tulianza na wasichana kumi na wawili. Baada ya miezi miwili alibaki mmoja, na wavulana hawakupungua. Basi nikaandika katika sura ya nne kwamba wasichana huichoka fantasia mapema kwa sababu hawajioni ndani yake. Msimamizi wangu aliipenda sana hoja hiyo. Alisema nikiitetea vizuri, Desemba nitavaa joho.

Leo darasa lilichukuliwa na mkutano wa wazazi, tukaahirisha kusoma. Mfereji wa nyumbani umekauka tangu Alhamisi, kwa hivyo Mama akanipa mtungi niende mtoni. Kaka yangu alikuwa amekaa tu. Nikauchukua mtungi, nikaenda.

Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu. Watu huchimba shimo, wakachota kikombe kwa kikombe, na foleni husogea polepole. Nilipofika niliwakuta humo wasichana wangu. Niliwahesabu, walikuwa tisa.

Jumamosi, saa nane na robo.

Mwende, aliyekuwa msomaji wangu mkali kuliko wote, alinisalimia akicheka. Nikamuuliza mbona aliacha kuja.

“Teacher, Sato ndio punda ya susu iko free. Siku zingine inabebea watu mchanga. Na wewe uliweka club saa ya maji.”

Kwao Sato ni Jumamosi, na susu ni nyanya. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Lakini story tunajua,” akaongeza. “Kyalo huniambia nikipika, na mimi naambia hawa tukingoja.” Kyalo ni ndugu yake wa kiume, na hajakosa kusoma nasi hata siku moja. Halafu akauliza, “Hiyo ngome, teacher, watu ni wengi hivyo, wanakula, wanaoga. Maji nani huleta?”

Nimesoma vitabu vyote vitano vya mfululizo ule mara mbili, kalamu ya rangi mkononi. Swali hilo sikuwahi kulipigia mstari.

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye kompyuta. Nimekulia kwenye mto huu. Nilibeba maji hapa hadi nikaenda sekondari. Hata hivyo, nilipoona viti vitupu sikumuuliza hata msichana mmoja kulikoni. Nilihesabu waliokosa kwenye rejista, nikawaandikia sababu kutoka kichwani mwangu.

Najichukia kidogo leo.

Nimerudi, nikatua mtungi, nikamwandikia msimamizi barua pepe. Nimemwambia sura ya nne si kweli na ninaiondoa. Nitaanza upya na wale wasichana, kwa siku na saa watakazochagua wao. Hiyo ina maana Desemba haipo tena. Nimeituma.

Mama hajui. Yuko jikoni anaimba wimbo wa kanisani. Akina mama wenzake wameshanunua kitambaa cha sare watakayovaa siku ya mahafali yangu, na kesho baada ya ibada fundi anakuja kuwapima mmoja mmoja. Sijui nitaanzia wapi, lakini lazima nimwambie kabla hakijakatwa.