Mama wa Gari Kahamia kwa Jirani, na Mke Wangu Kamfuata

Mpendwa Mjomba Chaluai, naomba msaada, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, na ukinisoma redioni usitaje kijiji, sema tu huko Yasothon, maana hapa kila nyumba ina redio na wanaonicheka wanatosha.

Mimi ni mkwe wa kuingia. Miaka kumi na tisa iliyopita niliingia nyumba hii na begi moja na feni, nikamwoa Phikun, nikakaa kwa mama yake, Mama Thongbai, na sijawahi kugombana nao mpaka mwezi wa pili mwaka huu nilipobadilisha injini. Marehemu baba mkwe, mzee Kaen, alituachia pikapu ya mwaka 1974, rangi ya samli, bodi nzima kama yai, lakini injini yake ya petroli ilikuwa hoi, inakohoa, inakunywa mafuta kama mlevi msibani, na kile kilima cha hekaluni inakipanda sisi tukiwa nyuma tunasukuma, basi nikapata kwenye yadi ya vipuri huko Ubon injini ya dizeli ya kisasa, ya pikapu iliyopinduka, ina turbo, ina kompyuta, na Mama na Phikun walipokwenda Bangkok siku nne kumwona mtoto wa shemeji nikasema potelea mbali, nikashusha injini ya mzee, nikakata chesisi, nikachomelea vishikio vipya, nikasogeza redieta, nikaunga nyaya zaidi ya mia kwa mkono wangu huu, kisanduku cha kompyuta nikakibana chini ya kiti cha abiria maana kwingine hapakuwa na nafasi, na siku ya nne ikawaka, Mjomba, ikanguruma mpaka bata wa jirani wakataga kabla ya siku zao.

Injini ya zamani nikampa jirani yangu Khamsing kwa nguruwe wawili, akaifunga kwenye e-taen lake, lile gari lake la shamba la kuungaunga mbao na vyuma, na nguruwe tukawachoma jioni ileile kusherehekea, Khamsing mwenyewe akala kuliko wote.

Nikaenda stendi kuwapokea wanawake wangu. Mama akasikia mngurumo kabla hajaniona.

“Dam, gari limemeza nini?”

“Injini mpya, mama! Zawadi ya mapema ya mwaka mpya.”

“Mae Yanang ulimwomba ruhusa?”

Miaka yote hiyo ni Mama anayemfungia Mae Yanang, mama wa gari, roho anayelilinda, shada la yasmini kwenye kioo na kumwekea soda nyekundu kila siku ya ibada, mimi kazi yangu spana tu.

“Udi je, uliwasha hata kijiti kimoja?”

“Niliwasha mashine ya kuchomelea, mama.”

Akaniangalia kama mtu aliyeona nzi kwenye mchuzi, akapanda, akakaa, akafunga mlango, na gari likazima. Akashuka, likawaka. Akapanda, likazima. Mara tatu, Mjomba, stendi nzima inahesabu kwa sauti! Phikun akapanda peke yake, mwembamba kama samaki mkavu, likanguruma bila wasiwasi. Mama akasema, “Hayumo. Kaondoka na injini. Gari hili sasa ni bati tu.” Wakarudi kwa basi.

Kesho yake nikataka kumthibitishia kuwa si yeye, nikaweka gunia la mpunga kwenye kiti kilekile, likazima! Nikafurahi, nikasema umeona mama, hata gunia linakataliwa, akasema, “Mjinga wewe, kwenye mpunga kuna Mama wa Mpunga. Akikuta nyumba haina mwenyeji, naye haingii.”

Basi Mama naye kahamia kwa Khamsing iliko injini, analala kwa mke wa Khamsing, na Phikun kamfuata, nyumba hii ni yao wanawake, lakini mimi niliyeingia na begi ndiye niliyebaki, nakula wali wa jana na kuzungumza na feni. Kila asubuhi Mama anaivisha injini ile yasmini, anaiwekea soda, kisha anakaa kwenye kigoda anafuta kile kifuniko cha oili ambacho mzee Kaen alikuwa anakifungua kila siku alfajiri kabla hata ya kunawa uso. Nimekwenda kuomba injini irudi, Khamsing akaniambia, “Kaka Dam, niletee nguruwe wangu.” Nikamwambia nguruwe tuliwala wote. Akasema, “Basi subiri mpaka tumbo langu limalize kuwasaga.” Phikun akatoa kichwa dirishani akasema, “Mama akirudi nitarudi. Mama hajarudi.”

Na mwaka mpya wetu, ule wa mwezi wa nne, ni siku tisa zijazo, ndiyo siku ya kwenda hekaluni kuimwagia maji ya baraka mifupa ya mzee iliyotunzwa huko, na miaka yote tunakwenda kwa pikapu yake, na Mama kashatangaza kwamba safari hii atapanda e-taen la Khamsing na Phikun pembeni yake, na siku hiyo, Mjomba, kijiji kizima kitajua kwamba mimi si mkwe wa mtu tena. Je, niing'oe dizeli? Nimpokonye Khamsing? Au nifunge begi langu?

Wako,
Mkwe wa Yasothon

MJOMBA CHALUAI ANAJIBU

Mwanangu,

Nimecheka. Sikufika hata mwisho, nilianguka kwenye gunia la mpunga. Kijiji sijakitaja, ila sijui Yasothon mna vijiji vingapi vyenye mama mkwe aliyehama na injini.

Sasa tulia, umempata mwenyewe. Mimi shule niliacha darasa la nne, mwalimu alipoanza kuniuliza maswali ambayo na yeye hayajui, lakini nimeendesha malori miaka thelathini na moja, Nong Khai hadi mpaka wa Malesia, nimefungua injini kwenye mvua kwa kijiko, na nimeoa mara tatu, kwa hiyo mama wakwe nimewasomea mpaka chuo kikuu.

Kwanza gari. Wewe uliyeunga nyaya zaidi ya mia, umeshindwa kusoma barua yako mwenyewe? Kompyuta iko wapi? Chini ya kiti cha abiria. Gari linazima lini? Mtu akikaa kwenye kiti hicho. Samaki mkavu akikaa halizimi, gunia likikaa linazima. Waya umebanwa, bwana! Springi za kiti ni za mwaka 1974, zimelegea, zinashuka mpaka kwenye kisanduku. Na Mama Thongbai, najua unasikiliza, kosa ni la springi, mama. Wewe huna uzito, una heshima, na heshima nayo hukaa mahali pake. Dam, leo hii toa kisanduku hicho, kifunge juu, nyuma ya dashibodi, mbali na joto na maji, ule waya uliochubuka ukate uunge upya, usiuzungushie utepe ukaniambia umetengeneza. Kisha weka magunia mawili kwenye kiti, uzunguke kijiji kizima. Likizima tena, niandikie.

Umefurahi, eh? Unataka kukimbia kwa Khamsing kupiga kelele “ni waya, ni waya!” Kaa chini! Sijamaliza na wewe.

Kwenye pikapu nzima, mahali pote pale, nani alikuongoza mkono ukabana kompyuta chini ya kiti cha mama mwenye nyumba? Mimi sijui. Fundi anasema waya, Mama anasema Mae Yanang, na mimi niliyewahi kushuka na lori bila breki kwenye kona za Phetchabun nasema wote wawili wanaweza kuwa wanazungumza habari moja. Ulifungua boneti bila kuomba kwa aliye hai wala kwa asiyeonekana. Ungemwuliza Mama, angekwambia jambo ambalo wewe, na turbo yako, hukulijua: kile kikohozi ulichokichukia ndicho alichokuwa anakisikia kutoka barabarani kila jioni, akajua mume wake anarudi, akaweka wali mezani. Umeuza kikohozi cha mzee Kaen kwa nguruwe wawili, na nguruwe ukawala! Na mkeo, mtu mnayelala naye chandarua kimoja, ukamfanyia siri siku nne. Angebaki na wewe badala ya kumfuata mama yake, ningemshangaa yeye.

Injini usiing'oe. Dizeli ni nzuri, kilima cha hekaluni kimewatesa vya kutosha. Na ya zamani mwachie Khamsing, ilime, injini haipendi kukaa bure. Mnunulie kifuniko kipya cha oili, mpelekee na ndizi, umwombe kile cha zamani. Khamsing, na wewe ukikatalia kifuniko nitataja kijiji.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya, mchana kweupe, watu wote wakiona, nenda pale kwa miguu. Piga magoti mbele ya Mama, si mbele ya injini. Mwambie, “Mama, nilikosa, sikuuliza.” Ishia hapo. Usiongeze “lakini,” maana “lakini” ya mkwe ni sawa na maji kwenye dizeli. Kisha mwombe yeye, siyo wewe, awashe udi na amwite Mae Yanang kwa maneno yake, na akikubali, lete pikapu hapo mlangoni, mpe kile kifuniko akibebe mikononi mpaka garini, hicho ndicho kiti cha Mae Yanang safarini. Kikifika, kitundikwe kwenye kioo pamoja na yasmini, na kila alfajiri kabla hujanawa uso ukifute wewe mwenyewe, kwa vidole vyako.

Halafu atapanda. Atakaa. Atafunga mlango. Gari litaendelea kunguruma, na wewe utawashwa mdomo kusema habari ya waya. Ung'ate ulimi. Tia gia ya kwanza, ondoka polepole, useme tu, “Karibu nyumbani, mama.”

Wote waliomo humo, wanaoonekana na asiyeonekana, kila mmoja atajua ni yeye anayekaribishwa. Phikun atakuwa nyuma kwenye bodi, kashika begi lake.