Madumu Mawili ya Niragira

Jumatatu, 6 Septemba 2004
Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu: leo saa tatu asubuhi, kwenye mabomba ya kambi ya Lukole, mbele ya akina mama wasiopungua thelathini, mimi Gozbert wa Kirushya, mhudumu wa maji, nimefungwa chesi kwa mara ya arobaini. Mfungaji ni yule yule – Niragira, mama fundi cherehani, mkimbizi wa Burundi. Hata macho hakuinua. "Bwana Bomba, fungulia watu maji."

Jumanne, 7 Septemba
Saa yetu ya chesi niiandike, nisije nikaisahau. Madumu mawili ya lita ishirini, koki mbili. Ukiwa unafikiri, koki yako inamwaga. Ukishacheza unafunga, mwenzako anafungua. Dumu lako likijaa, umeshindwa. Tone halipotei – akina mama wangetuua.

Alhamisi, 9 Septemba
Jina la Niragira limetoka. Anarudi kwao na msafara wa Jumanne, tarehe 21. Na ubao wa chesi ni wake! Kirushya hakuna mwingine, kuna ndizi tu. Nikamwomba aniachie. Akasema nimshinde mara moja tu, ubao utabaki. La sivyo anapanda nao lori. Hata nikiomba kwa heshima?
"Heshima haili malkia."

Ijumaa, 10 Septemba
Ameniazima kitabu chake cha mafumbo. Kifaransa. Kurasa za majibu hazimo, zilishafungia watu chumvi. Kifaransa changu ni bonjuu, lakini farasi ni farasi. Fumbo la kwanza: siku nzima.

Jumanne, 14 Septemba
Mafumbo kumi na moja. Ugonjwa wangu nimeujua: nikiona cha kula, nakula. Sasa kabla ya kugusa kitu nauliza, cheki, yaani njia za kumtisha mfalme wake, zipo ngapi? Naziangalia zote, hata za kijinga. Askofu bado ananisumbua. Mimi Mkatoliki, namchezesha kwa adabu mno.
Nimefungwa mara mbili. Ila dumu lake lilifika nusu! Zamani halikuwa hata likilowa vizuri.

Alhamisi, 16 Septemba
Dhambi. Koki namba nne hutoa maji kama mbuzi anayekojoa – nikaichukua mimi. Yeye nikampa namba moja, inayonguruma. Mchezo wa tatu akasimama, akatazama koki, akanitazama. "Kumbe Watanzania mnafikiri kwa matone!" Tukabadilishana. Bernadetha, wa kwanza kwenye foleni, alicheka hadi kanga ikamdondoka.
Nimefungwa kwa koki zote mbili. Sitarudia. Si toba, haikusaidia.

Jumamosi, 18 Septemba
Mafumbo manne kabla ya chai kupoa. Mke wangu Deodata amenikuta mkekani, maharage mekundu upande huu, ya njano upande ule. "Baba, huyo farasi wako ukishamtoa, niyapike?"
Nikamwambia subiri, mfalme ana hatari. Akayapika na mfalme.

Jumatatu, 20 Septemba
Lori ni kesho alfajiri. Mchezo wa kwanza nimefungwa.
Wa pili – naandika hapa hapa bombani. Nimemtoa malkia bure! Ilikuwa cheki ya kijinga kuliko zote. Hana jinsi, akamla. Farasi: cheki! Mfalme wake ana njia mbili. Moja ni kifo papo hapo. Ya pili sijamaliza kuihesabu.
Dumu lake limebakiza vidole viwili lijae. Bernadetha ananong'ona, "Mama, cheza, cheza." Niragira anauma ukucha – sijawahi kuona!
Koki yake ikakohoa. Ikatema hewa. Ikanyamaza. Zote zikanyamaza.
Nikasema basi, muda tuuhesabu kwa vidole. Akasema hapana, Bwana Bomba, sheria ni dumu kujaa, na langu halijajaa. Akavuta dumu tupu la Bernadetha, akalikalia, akashika tama.
Danstan wa mashine ya kusukuma maji amepita na baiskeli. Dizeli imekwisha. Nyingine inatoka Biharamulo, Alhamisi.