Shikamoo Niliyokunyima, Daktari

Daktari Anjali,

Ni mimi, Beka wa bodaboda, fundi wa kona za Soni. Usicheke mwandiko. Shule niliikimbia kidato cha pili, lakini kwa pikipiki Lushoto nzima hakuna anayenipita. Wewe mwenyewe ulikuwa unaning'ang'ania koti: "Polepole, Beka, wagonjwa nilionao wananitosha!"

Tangu presha ikuangushe na ndugu zako wausafirishe mwili wako kwenu India, sina kaburi la kwenda kusimama. Ndiyo maana naandika.

Ulikuwa ukipita pale hospitalini kwenye benchi la wagonjwa na koti lako jeupe, wazee wanakuuliza sukari bei gani, maana Mhindi wanayemjua wao ni wa dukani. Tena mwanamke! Yule kijana wa maabara, mdogo kwako kabisa, anapewa shikamoo. Wewe, "Mambo, dada." Na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Mwaka mzima nimekubeba, shikamoo yako sikuitoa.

Halafu siku ya dada yangu Zaina. Uchungu umemshika, mumewe yuko Muheza, mwanaume wa kutia saini ni mimi. Ukasema, "Beka, mtoto amechoka. Tumpasue Zaina sasa." Nikajifanya mkubwa: "Tunamsubiri daktari mwenyewe." Yaani mwanaume. Ukanibembeleza mara tatu, kalamu mkononi. Zaina analia, nisaini. Nikakaza shingo. Huyo daktari akapanda kutoka Korogwe, akamtazama, akasema kilekile ulichosema wewe. Masaa manne yalishapita.

Zaina alipona. Mtoto... unajua.

Kesho yake nilikuja kukuchukua, nikijua utapanda pikipiki nyingine. Ukapanda yangu. Tulipofika getini, ukasema tu, "Mpelekee Zaina uji." Bora ungenitukana, Daktari.

Uji wangu hakuunywa. Mpaka leo haniongeleshi. Ana mimba tena, nimesikia kwa mama. Nimemwambia shemeji mbele ya wazee: daktari atakayekuwepo siku hiyo, awe nani, atoke wapi, msikilizeni. Na atakayejifanya mkubwa pale benchini, nakuahidi, nitamsimulia habari ya yule mtoto wa Zaina, mwanzo mpaka mwisho, bila kuficha kwamba aliyekataa kalamu ni mimi.

Juzi nilisimama kwenye mlango wa ofisi yako, umefungwa. Nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Daktari." Benchi zima likageuka kunitazama. Nikabaki nimesimama, nasubiri marahaba.

Pumzika, Daktari wangu.

Beka