Maji Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 26 Mei

Nimefagia uwanja. Nimechemsha chai. Nimerudi kwenye mkeka. Siku ya ishirini na moja tangu mume wangu Elia afariki.

Baiskeli yake iko sebuleni, imeegemea kabati, magurudumu yamelala. Wifi Tabitha, anayekaa nami mpaka arobaini, alitoa upepo siku ileile ya msiba. Kwao Sikonge ndivyo wanavyofanya. Chombo cha marehemu hakitembei mpaka arobaini, na aliyetoa upepo ndiye atakayeurudisha. Mjane naye hatembei. Kanisani tu, na kisimani akiwa na mtu.

Tunatazamana, mimi na baiskeli.

Jumatano, 28 Mei

Shemeji Yohana amekuja na dumu la asali. Ni kaka mkubwa wa Elia, analima tumbaku. Aliongea kwa upole sana. Upole huo ndio ulionitisha.

Anasema sina mtu. Binti yangu Debora yuko Mwanza na kazi yake. Shamba liko ng'ambo ya bwawa, kwa miguu ni asubuhi nzima. Barabarani kuna malori, na nimeona yalichomfanya Elia. Kwa hiyo siku ya arobaini ukoo ukikaa, atapendekeza nyumba ifungwe na mimi nihamie kwake Sikonge. Kuna chumba nyuma ya bani la kukaushia tumbaku.

"Shemeji, utafikaje shambani?"

Nilimmiminia chai tu. Miaka ishirini na saba nimefika huko nimekaa.

Ijumaa, 30 Mei

Viazi havingoji. Ardhi inakauka kila siku, itakuwa ngumu kama sakafu. Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tumeshaanza kukata viazi vipande vya michembe na kuianika juu ya jiwe kubwa, Elia akifukuza kuku wa jirani kwa kofia yake.

Nilikuwa nakaa kwenye keria, upande, miguu yote kushoto. Mkono wangu wa kulia ndani ya mfuko wa koti lake. Mfukoni hapakukosa kitu. Karanga. Kifungo. Msumari. Siku moja kipande cha sabuni, akasema alikuwa akikitafuta wiki nzima.

Tulipita njia ya bwawa, ndani ya miombo. Gari haliingii kule. Ni watu, baiskeli na ndege. Elia alisema wapagazi walipita hapo na pembe mabegani, lami haijafikiriwa. Tunakwenda kwa upande huu wa maji, tunarudi kwa upande ule, kama mtu anayezunguka mdomo wa chungu. Maji daima mkono wangu wa kushoto. Niliwahi kumuuliza kwa nini haturudi kwa njia ileile. Akasema huko kuna kilima. Niliamini.

Kuna swali simuulizi mtu. Siku ile alipogongwa, alifuata nini kwenye lami? Mimi nilikuwa kitandani na malaria. Alikwenda shambani peke yake.

Jumapili, 1 Juni

Mama Goreth amekuja kunijulia hali. Jirani yangu, mzaliwa wa Ulyankulu, hubeba ndizi kwenye baiskeli mpaka sokoni. Wifi alipoingia jikoni kusonga ugali, nilimnong'oneza. Anifundishe kuendesha.

Alitazama miguu yangu, si uso.

"Mifupa ya miaka hamsini na tatu haiungi haraka, Mama Debora."

Nikamwambia najua. Nikamwambia habari ya Sikonge. Akasema kesho alfajiri, uwanja wa mpira nyuma ya shule.

Ruhusa ninayo ya ibada ya asubuhi. Wifi goti linamuuma, hawezi kunisindikiza. Mama Goreth alipojitolea, wifi aliuliza tangu lini Wakatoliki wanapeleka watu kwa Wamoraviani. Mama Goreth akajibu kwamba atanifikisha mlangoni tu, ndani nitajua mwenyewe.

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikaona aibu.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanguka mara nne. Jana mara sita.

Navaa suruali ya michezo ya Debora ya shule, kanga juu. Mama Goreth anashika keria na kukimbia nyuma. Kila mara naangukia upande mmoja. Kushoto. Yeye ndiye aliyegundua sababu. Natazama kushoto. Baiskeli inakwenda kunakokwenda macho, na macho yangu hayajui mbele. Mbele palikuwa na mgongo wa Elia.

"Tazama mbele, mama. Hakuna mtu anayekukinga sasa."

Alisema bila ubaya. Bado iliniuma kuliko kiwiko.

Nyumbani nimemwambia wifi niliteleza kwenye ngazi za kanisa. Nimedanganya nikitaja kanisa. Sipendi mtu ninayekuwa.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi ameiona suruali kwenye kamba. Ina mafuta ya cheni.

Hakupiga kelele. Aliikunja vizuri akaiweka juu ya kabati. Akasema kuanzia leo ibada nitaifanyia nyumbani, mchungaji ataombwa aje. Mlango wa uani anaufunga kwa kufuli na ufunguo anautia kifuani.

Nimehesabu hatua. Kutoka mkekani hadi mlangoni, saba. Mlangoni hadi ukutani kwa kalenda, tano. Huu ndio ulimwengu.

Jumamosi, 7 Juni

Wifi alipolala mchana nilipanda baiskeli ya Elia pale pale sebuleni. Magurudumu hayana upepo, bega langu kwenye kabati. Nimekazia macho kalenda. Mbele. Mbele. Nimekaa hivyo mpaka shingo ikauma.

Tandiko bado lina alama yake. Limebonyea kidogo upande wa kulia.

Jumatatu, 9 Juni

Wifi amekwenda hospitali kwa ajili ya goti. Alisahau kufuli, au hakusahau. Mama Goreth akaja na baiskeli yake.

Tumekwenda mpaka njia ya bwawa. Nimeendesha. Kweli nimeendesha. Miti ikinijia usoni badala ya kupita ubavuni.

Baada ya nyumba za mwisho niliona njia nyingine upande wa kulia. Pana, imekanyagwa, ina alama nyingi za magurudumu. Sijawahi kuiona maishani. Nikasimama, nikauliza inakwenda wapi.

Mama Goreth alinishangaa. Alisema inatoka kwenye lami, na ukishika lami shamba letu ni karibu tu, kama dakika ishirini. Ya bwawa ni saa nzima. Nikauliza kilima kiko wapi.

"Kilima gani? Mumeo akiwa na wewe, bwawani. Akiwa peke yake, lami. Sisi wote tulijua. Tulikuwa tunamcheka."

Nimerudi nikisukuma. Wifi alikuwa hajafika.

Alikuwa akinizungusha ili nione maji. Miaka ishirini na saba. Na siku ambayo sikuwa nyuma yake hakuwa na sababu ya kuzunguka.

Alhamisi, 12 Juni

Uji nimeuacha kikombeni. Nimemkasirikia Elia. Angeniambia, ningesema tupite popote. Kisha nimejikasirikia mwenyewe. Kisha nimeikasirikia homa, kitu kisicho na uso.

Wageni wameanza kufika. Chumba kimejaa mabegi. Nafasi yangu ya mkeka imepungua. Yusta, mke wa Yohana, ameniambia chumba changu Sikonge wameshakipaka chokaa.

Jumamosi, 14 Juni

Arobaini. Sala, nyimbo, wali, nyama ya mbuzi. Kisha ukoo ukakaa.

Shemeji Yohana alisema yake, kwa upole uleule. Wazee waliitikia kwa vichwa. Akaniuliza tena nitafikaje shambani, nadhani ili wote wasikie ninavyonyamaza.

Nikasema kwa baiskeli. Kwa njia ya bwawa.

Walicheka. Mjomba mmoja aliuliza nani atakuwa akisukuma. Niliangalia mikono yangu. Nilijua wifi Tabitha atasema sasa, suruali, uongo wa kanisani, yote. Na kweli alisema.

"Huyu ameanguka na kunidanganya wiki nzima. Kiwiko chake kimechubuka mpaka leo. Mimi naogopa hata kukaa kwenye keria. Mwacheni apande tuone."

Akainuka na goti lake, akaingia ndani, akatoka na pampu. Alijaza gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Hakuna aliyemsaidia, maana ndiye aliyetoa upepo. Kilichosikika uwanjani ni pampu tu.

Shemeji akasema niende mpaka kwenye mikaratusi na kurudi. Nilipitisha mguu chini ya bomba la baiskeli. Nikatazama mbele. Karibu na kisima macho yaliniponyoka kushoto na baiskeli ikayafuata, nikaweka mguu chini, nikapanda tena. Nikafika. Nikarudi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shemeji Yohana aliishika breki, akaibana mara mbili, akasema ya nyuma imelegea. Akaomba spana. Alipomaliza kuikaza akasema chumba kile cha Sikonge watawekea mbegu.

Jumamosi, 12 Julai

Wifi Tabitha yuko hapa toka juzi, amekuja kuchukua michembe. Goti limepata nafuu kidogo. Asubuhi alitaka kuliona shamba. Nikamwambia akae nyuma, upande, miguu kushoto. Alishika koti nililovaa kwa mikono miwili. Ni la Elia, nimelipunguza mikono.

Mzito. Nilikwenda polepole. Penye mchanga tulishuka.

Tulipofika njia panda aliniuliza kama hakuna njia fupi. Nikasema ipo.

Sikukata kulia. Maji yalipotokea mkono wetu wa kushoto niliendelea kutazama mbele. Kisha nikasikia mkono mmoja unaachia koti na kuingia mfukoni, akauliza hizi karanga ni za nani.

Nikamwambia ale.