Ndevu Nilizozinyamazia

Birmingham,
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Nyanya,

Shikamoo. Ninaahidi tangu mwanzo kwamba leo nitakueleza kila kitu, pamoja na pale niliposema uongo. Ukikuta makosa ya sarufi, tafadhali weka ile kalamu nyekundu chini mpaka umalize, kwa sababu kosa lenyewe liko mbele na si la sarufi.

Kwanza, goti linasemaje? Mama aliniambia daktari wa Voi amekubadilishia dawa na kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nilifurahi sana. Paa la jikoni lilizibwa? Sisi hatujambo. Mama bado anafanya kazi katika makao ya wazee karibu na Bordesley Green. Anarudi miguu imevimba, lakini hajaugua tangu mwaka uanze. Shuleni naendelea vizuri isipokuwa kemia.

Sasa nikuambie habari za Mzee Rubin, fundi wa nguo. Duka lake liko barabara ya nyuma, si mbali na stesheni ya mabasi ya Digbeth. Mama alimpelekea sare zake za kazi azipunguze, wakazungumza, na tangu hapo kila Jumanne na Alhamisi nikitoka shule namngojea Mama pale dukani. Namaliza kazi ya shule, kisha Mzee ananifundisha kushona matundu ya vifungo. Ni Myahudi, ana miaka sitini na minane, na anashika dini yake kwa makini. Jumamosi hafungui mlango hata ukilia.

Nilipomfahamu hakuwa na ndevu. Kila asubuhi alijinyoa kwa mashine ya umeme iliyokaa kwenye droo ya nyuzi. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatumii wembe kama Mjomba Righa. Akasimamisha cherehani, akavua miwani, akanieleza kwamba katika sheria yao wembe haugusi uso wa mwanamume. Mkasi unaruhusiwa. Mashine yake inakata kama mkasi, makali mawili yakikutana, kwa hiyo walimu wake wanairuhusu nayo, ingawa wapo walimu wengine wasiokubali. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Nilijua siku ile kwamba anapenda kuulizwa, Nyanya, na ndiyo maana najilaumu, kwa kuwa baadaye sikumuuliza.

Mwezi wa Septemba mama yake alifariki, akiwa na miaka tisini na minne. Mzee alifunga duka wiki nzima. Aliporudi, kidevu kilikuwa kimeanza kuwa cheupe. Nikadhani amesahau kunyoa kwa huzuni. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na kufikia Krismasi ndevu zilikuwa zimefunika fundo la tai, zimesokotana, hazijaguswa na kitana. Wewe unajua mafundi hushika pini kwa midomo. Pini zake zikawa zinaangukia ndani ya ndevu, naye anazitafuta kwa vidole huku mteja amesimama na mguu mmoja wa suruali umekunjwa.

Nikanyamaza. Ulinifundisha kwamba mtoto hatoi maneno juu ya mwili wa mtu mzima. Ulinifinya mara moja tu, siku nilipomwambia mchungaji kwamba tumbo lake limekua, na mara ya pili haikuhitajika.

Lakini yeye aliniuliza. Mara ya kwanza alikuwa mbele ya kile kioo kirefu cha wateja. "Wakio, sema kweli, naonekanaje?" Nikasema anapendeza. Mara ya pili mtoto wa mteja alimuuliza kama yeye ndiye mzee wa Krismasi. Mzee akacheka, kisha akanigeukia. "Na wewe unasemaje?" Nikasema sina la kusema, nikaendelea na kifungo changu.

Mara ya tatu ndiyo ya uongo. Mwezi uliopita Mama Hodan aliingia kuazima tepu ya kupimia. Yeye ni Msomali aliyekulia Garissa, anauza vitambaa duka linalofuata, na hana neno linalomkaa mdomoni. Alimtazama Mzee akisaka pini ndevuni, akaniambia kwa Kiswahili bila hata kupunguza sauti:

"Wewe Wakio, mwambie huyu mzee wako akanyoe. Hizo ni ndevu ama ni kiota? Kuna pini zimelala humo tangu Jumatatu."

"Mama Hodan, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mimi nampenda, ndiyo maana nasema. Mwanaume msafi hivi, amegeuka mbuzi. Mwambie. Ama unaogopa?"

Mzee Rubin akainua kichwa. "Anasemaje?" aliniuliza kwa Kiingereza. "Najua ni mimi, ananielekezea kidole."

Nikasema, "Anasema ndevu zako zinakupa heshima."

Mama Hodan, ambaye Kiingereza chake kinapita changu, alinikodolea macho. Nadhani hakutaka kuniumbua mbele ya Mzee. Alichukua tepu, akatoka akicheka. Mzee hakucheka. Alisema tu, "Naye pia," akarudi kwenye pindo lake. Sikuelewa maneno hayo mpaka majuzi.

Alhamisi nilikuta karatasi mlangoni: duka linafungwa mwisho wa mwezi huu. Nilimuuliza anaenda wapi.

"Manchester, kwa binti yangu. Ameniita siku nyingi."

"Lakini ulisema huwezi kuishi Manchester."

"Nilisema hivyo nilipokuwa na watu hapa."

Akafungua droo ya nyuzi na kunionyesha ile mashine ya kunyolea. Alisema amekuwa akiichaji kila Ijumaa, kwa miezi mitano, endapo itahitajika.

Ndipo akanieleza. Kwao, aliyefiwa hanyoi kwa siku thelathini. Lakini akifiwa na baba au mama, siku thelathini hazitoshi. Anaziacha ndevu zikue mpaka rafiki zake wamkemee, wamwambie amezidi, aende akanyoe. Si yeye anayeamua kwamba imetosha, ni wale wanaomtazama. Wapo wanaohesabu miezi mitatu kisha wakanyoa bila kungoja neno la mtu. Baba yake hakufanya hivyo alipofiwa, naye hakutaka kumfanyia mama yake pungufu. Binti yake hawezi kumsaidia, maana mtoto hamkemei mzazi. Zamani walikuwepo wanaume watano waliokunywa chai pale dukani kila jioni na kutukanana kwa raha zao. Wawili wamekufa, wawili wamehamia London, na wa tano yuko katika makao ya wazee na hamkumbuki tena. Kwenye sinagogi vijana walidhani amezidisha ucha Mungu, wakamsifu.

"Huwezi kumwomba mtu akukemee?" nikauliza.

"Naweza. Naweza pia kujitumia kadi ya siku ya kuzaliwa."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akasema, "Nilidhani labda ungekuwa wewe."

"Mimi ni mtoto. Tena ni Mkristo."

"Kitabu kinasema rafiki. Mimi sikusoma humo umri wala kanisa."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyonisomea vipimo vya kiuno ili niandike. Kisha akaongeza kwamba mtu akitembea mjini miezi mitano na ndevu kama hizi, na asipatikane hata mmoja wa kumwambia, basi hana mtu katika mji huo, na ni afadhali ajue mapema.

Nyanya, hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba alikuwepo mtu. Mama Hodan alimkemea kwa kinywa kipana, mbele yake, na mimi nikalikamata lile neno njiani na kulibadilisha. Nilifungua mdomo, lakini Mama akagonga dirishani, basi letu limefika, nikachukua begi langu nikatoka. Nilimwambia "Usiku mwema." Ndilo neno pekee nililolipata.

Ndani ya basi nilimweleza Mama yote. Akasema, "Mimi siingilii. Aliyekulea mpaka ukafika hapa ni nyanya yako. Muulize yeye." Baadaye, tukipanda ngazi za nyumba, akasema, "Lakini ungemwachia Mama Hodan mdomo wake."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Niliandika kikaratasi cha heshima nikakichana. Nilijaribu kukunja uso mbele ya kioo nikaonekana mgonjwa. Lakini leo asubuhi kanisani ilinijia kwamba sihitaji mazoezi, kwa sababu nina hasira naye ya kweli. Koti la harusi la mteja limelala mezani wiki tatu. Ameacha kuchana nywele. Anakwenda kukaa chumba cha juu katika mji asioupenda kwa sababu ya kungoja maneno mawili, na hakutuambia kwamba anangoja. Nikifikiria hivyo natamani kupiga meza.

Nitaanza na uongo wangu. Nitamwambia alichosema Mama Hodan, neno kwa neno, hata la mbuzi. Kwa hilo sikuombi ruhusa, maana najua utasema nini. Linalonitisha ni linalofuata. Sijui kama kemeo langu litakubalika, kwa kuwa sasa najua sheria yao na huenda akaona naigiza. Huenda akaenda Manchester hata hivyo. Lakini angalau aende akijua kwamba alikuwa na watu wawili hapa, mmoja mwenye mdomo na mmoja mwoga.

Nisalimie Mjomba Righa. Namtumia picha za barua hii kwenye simu yake, na mwambie asiisome kabla yako. Nisalimie Shangazi Mghoi anayekuchotea maji, binamu yangu Mwadime anayejiandaa kwa mtihani, na yule mwalimu mwenzako mstaafu aliyenipa kamusi nilipokuwa naondoka. Mama anakusalimu na anasema atapiga simu akipumzika.

Jumanne saa kumi za huku nitakuwa dukani, na kwako itakuwa saa moja jioni. Nijibu kabla ya hapo, hata kwa mstari mmoja. Sijutii adabu uliyonipa, Nyanya, najutia tu mahali nilipoitumia. Ni mimi mjukuu wako Wakio ninayekuuliza: je, unaniruhusu nimtazame mzee yule usoni na kumwambia aende akanyoe?