Matembezi ya Shangazi Puring

Kwa Mama Sabel,
Nyuma ya soko la samaki, Pasil,
Cebu.

Jumapili, 28 Februari 1993

Mpendwa Baba Mening,

Kabla ya neno lolote nakusalimu, na Mening anakusalimu, ingawa salamu zake yeye ni kuibusu ile picha yako ya sare mpaka kioo kinaingia ukungu. U mzima huko uliko? Na mgongo je? Ile dawa ya kuchua niliyokufungia ndani ya soksi umeshaiona? Sisi hatujambo. Mening alikohoa wiki mbili, sasa amepona na anakula. Mama magoti yanamuuma yale yale, ila mdomo wake ni mzima kama ulivyouacha.

Usishangae mwandiko. Naandikia juu ya ubao wa kukatia samaki, mtoto amenilalia mapajani, na nina hasira. Nimeingojea siku mbili ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Shangazi yako Puring alikuja. Alishuka kwenye meli ya Manila Alhamisi asubuhi. Mimi sisahau kwamba ndiye aliyekulea baba yako alipofariki, na ndiye aliyekusomesha ubaharia, na kwa ajili hiyo nilifagia nyumba mara tatu na kutandika shuka la harusi yetu. Alisimama mlangoni, akatoa leso, akajiziba pua. Neno lake la kwanza kwangu halikuwa habari za siku nyingi. Lilikuwa, "Kumbe mnalala na hii harufu?"

Mama akamjibu kutoka jikoni bila kugeuka, "Tunalala nayo, Bibi, na asubuhi inatulisha."

Basi akaenda kulala hotelini. Shuka nikalikunja.

Ijumaa akaja na taksi ya kutwa. Alisema hajawahi kuiona Cebu tangu azaliwe, anataka kutembezwa, na anataka Mening awe naye. "Wewe si lazima uje," akaniambia, "najua una samaki wako." Nikamwambia mtoto huyu na mama yake ni tiketi moja. Akacheka kwa pua.

Alikuwa amemletea Mening gauni lenye lesi na viatu vyeupe vya kung'aa. Gauni zuri, sikatai. Viatu vilikuwa vidogo, alikisia kwa picha. Nikasema vinambana. Akasema miguu itazoea. Baba Mening, mguu wa mtoto wa miaka mitatu unazoea nini?

Tulianza na Msalaba wa Magellan. Akautazama, akasema alidhani ni mkubwa zaidi. Tukaenda kwenye hekalu la Wachina kule mlimani, zile ngazi zote, jua la saa nne. Akasema Manila liko kubwa kuliko hilo. Ngazi ya ishirini Mening akaanza kuchechemea, nikamvua viatu nikambeba. Shangazi akasema ninamdekeza, ndiyo maana anaongea kama wapagazi wa gatini. Maana kutwa nzima alikuwa akimsahihisha. Mtoto akisema neno kwa Kisebwano chetu, yeye anamkatiza, "Usiseme hivyo. Sema kama Shangazi." Mwishowe Mening akanyamaza, na wewe unajua Mening kunyamaza si kawaida yake.

Ndani ya taksi akamuuliza, "Mening, ungependa kukaa kwenye nyumba yenye ngazi ndani?"

"Kuna paka?"

"Hakuna. Paka ni wachafu."

"Basi sitaki."

Dereva akacheka. Shangazi akamwambia aangalie barabara. Mimi nami nikacheka, kwa upumbavu wangu, nikidhani ni maneno ya kumchezesha mtoto.

Pale mlangoni mwa Ngome ya San Pedro kuna wale wapiga picha wa papo kwa papo. Shangazi akamsimamisha Mening ukutani, penye chokaa nyeupe, peke yake. "Uso tu," akamwambia mpiga picha, "na masikio yaonekane." Zikatoka picha ndogo nne kwenye karatasi moja, yule bwana akazikata kwa mkasi. Nikaomba tupigwe moja mimi na mwanangu tukutumie. Shangazi akasema filamu imekwisha. Mpiga picha akafungua mdomo aseme, Shangazi akamtazama, mdomo ukafungwa. Kisha akahesabu picha zake, akapata tatu, akamgombeza yule maskini wa Mungu mbele za watu kwamba kampunja. Bwana akaapa amekata nne.

Chakula cha mchana akaagiza nguruwe wa kuchoma. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima! Mimi na Mening tukala wali na mboga. Nilipomtazama akasema msafiri hafungi. Sawa. Nimeandika tu ili ujue.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penyewe.

Saa tisa tukafika Kanisa la Mtoto Mtakatifu. Unawakumbuka wale mama wa mishumaa pale uwanjani, ndio waliotuombea kwa kucheza siku ulipopata meli ya kwanza. Shangazi hakuwa anawajua. Huko kwao watu huwasha mshumaa wenyewe, wakaomba kimya, wakaondoka. Akamchagua mmoja mnene, gauni la njano na kandambili, akachukua mishumaa. Yule mama akamuuliza, kama wanavyouliza siku zote, "Jina la nani? Na ombi gani?" Shangazi akanigeuzia mgongo, akamnong'oneza sikioni. Alinong'ona muda mrefu.

Yule mama akakubali kwa kichwa, akainua mishumaa, akaanza kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, na sauti kama ya muuza samaki, akimwita Mtoto Mtakatifu:

"Pit Senyor! Kwa Filomena Magsino, mtoto wa miaka mitatu! Asafiri salama Manila Jumatano! Asimlilie mama yake, Senyor! Amzoee mama yake mpya Purificacion! Pit Senyor!"

"Shii! Polepole!" Shangazi alishika mkono wake.

"Shii ya nini, Bibi? Senyor ni mtoto, na uwanja huu una kelele. Nisipopaza sauti atasikiaje?" Akaendelea.

Baba Mening, niliposikia jina la mwanangu nilitabasamu. Nilitabasamu kweli, nikidhani anaombewa afya. Maneno mengine yakafika nyuma ya jina, moja moja, mpaka jina kamili la Shangazi, na mimi bado natabasamu.

Nikamuuliza, "Jumatano ipi?"

"Tusiongee mambo ya ukoo njiani."

"Umeshayaongea. Kanisa zima limesikia."

Ndipo akatoa yote. Kwamba shule ameshaipata, ya masista, na zile picha ndogo ni za karatasi za serikali. Kwamba karatasi ya kumchukua mtoto iko tayari, inataka sahihi mbili tu, ya baba na ya mama. Kwamba mimi bado msichana, nitazaa wengine, na yeye hakujaliwa. Hapo sauti ilimkatika kidogo, nami sitasema uongo, nilimwonea huruma, kadiri ya kumeza mate mara moja. Maana hapo hapo akaongeza, "Na wewe wa darasa la sita, utamfundisha nini mtoto wa kina Magsino?"

Nikamwambia, "Nitamfundisha kuuliza kabla ya kuchukua."

"Teryo anajua," akasema, akikutaja wewe. "Ameniandikia. Barua yake ninayo mkobani."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Si kwa sababu yake. Kwa sababu yako.

Nikamgeukia yule mama wa mishumaa. Nikamwambia mimi pia nina ombi.

"La nani?"

"Filomena Magsino."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Abaki."

Akanitazama mimi, akamtazama Shangazi. "Jamani, Inday, binti yangu! Nimemtuma Manila sasa hivi tu, hajafika hata gatini, mnataka nimrudishe?" Wenzake wakaangua kicheko. Halafu akacheka kidogo tu yeye, akaacha, akauliza, "Nani amemzaa?" Mening alikuwa ameshanipanda mgongoni na miguu yake mitupu, mikono shingoni, ananikaba. Yule mama akachukua mishumaa mipya, akacheza tena, akazunguka na kuzunguka, nta ikamchuruzika mkononi asiifute. "Abaki, Senyor! Abaki kwa mama yake!" Wale wenzake wawili wakaingia kucheza naye bila kuitwa. Shangazi akasimama amekumbatia mkoba kama mtu anayengoja mvua ikatike.

Tukarudi na taksi ile ile. Pale nyumbani akaitoa bahasha akaibwaga mezani. "Soma mwenyewe," akasema. "Kama unaweza." Na akasema Jumatano saa tatu asubuhi atakuja na taksi, nguo za mtoto ziwe tayari.

Mama akatoka jikoni, akaokota vile viatu vyeupe, akamwekea mkononi. "Viatu ni vyako, chukua," akamwambia. "Miguu ni yetu."

Basi ndiyo habari ya matembezi.

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumatano, najua. Jumatano ni yangu. Nitaimaliza mimi, na Mama, na komeo la mlango. Sahihi yangu hataipata, hata akija na masista wenyewe. Lakini baada ya Jumatano kuna siku nyingine, na hizo ni zako. Usiniandikie maneno ya kunibembeleza, na usiniambie Shangazi ana moyo mzuri. Sitaki kusikia habari za moyo wake. Nataka kusikia wako.

Ile bahasha ni yako kweli. Mwandiko wako siupotezi, naijua herufi yako ya T na mkia wake. Toka Ijumaa iko mezani, nami naizunguka. Nasoma polepole lakini nasoma, wewe ndiye shahidi, barua zako zote nimezisoma mwenyewe. Hii sijaisoma. Naogopa nitakuta humo neno ambalo hata ukilifuta mimi nitaendelea kuliona, kila nikikupakulia chakula.

Kwa hiyo nimeifunga kwa uzi mwekundu, kwa fundo lile langu la kamba ya bembea ya Mening, ambalo umejaribu mara ngapi na hukuliweza. Utajua kwamba halijafunguliwa. Inarudi kwako. Kama uliandika ndiyo, basi ulikuwa peke yako, mbali, na deni la malezi ni zito. Itupe baharini na uzi wake, nami nitahesabu kwamba hukuandika. Kama uliandika hapana, itunze, ukija Desemba uikate huo uzi mbele yangu unisomee kwa sauti.

Na utaona kuna picha. Jana nilipokuwa nakunja lile gauni ili nilirudishe, niliikuta mfukoni, imekunjika sikio moja. Yule mpiga picha hakusema uongo, zilikuwa nne. Nikamuuliza Mening kwa nini aliichukua. Akasema, "Ya Baba." Itazame hiyo kwanza, Baba Mening. Itazame sana, ndipo uguse uzi.

Ameamka sasa, anauliza kama kwenye meli yako kuna paka. Nimemwambia nitakuuliza.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Kaka Dodoy anakusalimu pamoja na mkewe Belinda, wamepata mtoto wa kiume. Msalimie yule mpishi mwenzio aliyekupa koti. Mtoto Mtakatifu ashike usukani pale usiku unapokuwa mrefu, akurudishe kwetu na mgongo wako mzima na moyo wako ule ule ulioondoka nao.

Wako akupendaye, na anayekungoja,

Crisanta,
Mama yake Mening